Barua ya wazi kwa wahariri wakuu wa Kenya: mtuonyeshe njia ya hesabu

Kwa wahariri wakuu wa magazeti, redio na runinga nchini Kenya, na kwa wamiliki wa vyombo hivyo. Nakala kwa Baraza la Vyombo vya Habari.

Wahariri wetu,

Hamjambo, na poleni kwa kazi. Tarehe 10 Agosti 2027 Wakenya watapanga foleni tena kumchagua rais. Najua kwenu maandalizi huanza mapema: magari ya kurushia matangazo, wageni wa studio, skrini kubwa za rangi. Nawaandikia kabla bajeti hizo hazijafungwa, kwa sababu yaliyotokea kwenye skrini zenu mwaka 2022 hayajazungumzwa yakaisha, na sitaki tuyapitie tena.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya upili hapa Pwani. Nina chama ninachokipenda na wanasiasa nisiotaka hata kuwasikia. Nanyi mnao. Siwaombi mwe watu wasio na mapenzi, kwa sababu mtu wa namna hiyo sijawahi kukutana naye. Ninachowaomba ni jambo ninalowadai wanafunzi wangu kila siku. Tunaposahihisha hisabati ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, mtahiniwa ana alama za njia na alama za jibu. Akiandika jibu tupu, hata likiwa sahihi, hatuna namna ya kujua kama alikokotoa au alichungulia kwa jirani. Akionyesha hatua, hata akikosea mwishoni, tunaona alikosea wapi na tunaweza kumrekebisha. Habari isiyo na upendeleo, kwa akili yangu, ndiyo hiyo: habari iliyoonyesha hatua zake, ambayo mtu wa chama changu na mtu wa chama chako wanaweza kuzipitia moja moja na kufika mahali pamoja.

Sasa turudi 2022.

Mwaka ule Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilifanya jambo kubwa kuliko tulivyolipa sifa. Picha za Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo, kutoka vituo 46,229 ziliwekwa kwenye tovuti yake, na yeyote mwenye simu na bando aliweza kuzifungua. Fomu hiyo si ngumu kusoma. Ina jina la kituo, eneobunge na kaunti, wagombea wanne na kura za kila mmoja, kura zilizokataliwa, kisha saini za mawakala na ya msimamizi wa kituo. Nakala yake hubandikwa hapo hapo kituoni. Asubuhi ya tarehe 10 Agosti nilikwenda kwenye shule ya msingi nilikopigia kura. Fomu ilikuwa imegandishwa kwenye mlango wa darasa, kona moja imeshaanza kubanduka kwa unyevu. Tarakimu ya mwisho ya mgombea mmoja ilikuwa 8 iliyoandikwa juu ya 3, na msimamizi ametia saini yake kando. Nikafungua simu, nikatafuta kituo chetu kwenye tovuti ya tume. 8 ile ile juu ya 3, saini ile ile kando. Mtu wa kawaida alikuwa amekagua matokeo ya kituo chake, amesimama kwenye baraza la shule.

Nanyi mkaamua kujumlisha fomu hizo wenyewe, kila kituo cha habari na kikosi chake cha vijana wakifungua picha moja moja na kuingiza namba kwa mkono. Nilifurahi mno. Nikasema hatimaye wanahabari wetu wameacha kungojea namba za kupewa.

Furaha hiyo haikumaliza siku mbili. Pale Kongowea, kwenye soko kubwa la hapa Mombasa, katika hoteli ninayokunywa chai, kulikuwa na runinga moja na rimoti moja. Kituo kimoja kilionyesha huyu anaongoza. Ukibonyeza, kituo kingine kinaonyesha yule. Saa ile ile, nchi ile ile, fomu zile zile. Kufikia Ijumaa wazee walikuwa wanachagua kituo cha kutazama kama walivyochagua mgombea, na mwenye rimoti ikabidi aifiche chini ya kaunta. Waliokuwa wanaongoza waliita kituo chao cha kweli, walioachwa nyuma wakasema kile kimenunuliwa.

Na maelezo yalikuwa mepesi kabisa! Kila chombo kilifungua fomu kwa mpangilio wake. Aliyeanza na kaunti za Bonde la Ufa na Mlima Kenya alipata sura moja. Aliyeanza na Nyanza, Magharibi na Pwani alipata nyingine. Wote wawili wangefika namba moja wakimaliza. Mwenyekiti wa tume, marehemu Wafula Chebukati, aliwaambia Wakenya tarehe 12 kwamba tofauti hizo zisiwatie wasiwasi. Lakini hilo lilikuwa la kusemwa na nyinyi, kwenye skrini ile ile iliyobeba namba, tena kila saa: tumehesabu fomu kadhaa kati ya 46,229, kaunti hizi tumezimaliza, hizi bado hatujazigusa, kwa hiyo anayeongoza sasa hivi hajashinda chochote. Sentensi moja. Wazee wa Kongowea wangeielewa, maana ni watu wa kuhesabu magunia.

Kisha kasi ikapungua. Namba zikaganda. Skrini zikasimama kabla fomu hazijaisha, huku nchi nzima ikizitazama, na hakuna aliyejitokeza kwenye skrini hizo kueleza kwa ukamilifu kwa nini. Pengo hilo likajazwa na uvumi wa kila aina: wametishwa, wamedukuliwa, wamepewa kitu. Wahariri wangu, mtu akisimamisha hesabu katikati bila kueleza, hata kama sababu yake ni uchovu wa vijana waliokesha, anayemtazama atawaza mabaya. Ana haki ya kuwaza.

Tarehe 15 Agosti, pale Bomas, kituo cha kitaifa cha kujumlishia kura jijini Nairobi, Chebukati akatangaza William Ruto kura 7,176,141 na Raila Odinga kura 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Makamishna wanne kati ya saba wakajitenga na matokeo hayo, na siku iliyofuata wakasoma taarifa ambayo ningependa kukaa nayo kidogo, kwa sababu sijaona mfano bora wa jambo ninalolisema.

Walisema asilimia za wagombea wote wanne, yaani 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23, zikijumlishwa zinafika 100.01. Ni kweli, jumlisha uone. Wakasema ile 0.01 iliyozidi ni sawa na kura takriban 142,000, ambazo zingeweza kubadilisha matokeo. Kauli hiyo ilirushwa moja kwa moja nchi nzima.

Chukua kikokotoo cha simu. Kura halali zilikuwa milioni 14.2 na ushei. Asilimia moja ya hizo ni 142,000. Asilimia 0.01 ni 1,420 hivi. Kauli ilikosea mara mia. Na hata hizo 1,420 hazikuwepo popote. Ukigawanya kura za kila mgombea kwa jumla, Ruto anapata 50.489 na ushei, Odinga 48.849, Wajackoyah 0.436, Waihiga 0.225 na ushei. Ukifupisha kila moja hadi nafasi mbili baada ya nukta, zote nne zinapanda juu kidogo, ndiyo maana jumla ikapita mia. Ni hesabu ya kidato cha kwanza. Hakuna kura iliyoongezwa wala iliyopunguzwa na ufupisho huo.

Wapo wanahabari na wahakiki wa taarifa waliokokotoa hivyo na kuandika siku ile ile, nawapa heko. Lakini taarifa nyingi nilizozitazama jioni hiyo zilifuata mtindo ule tuliouzoea. Dakika kadhaa za makamishna. Dakika kadhaa za mwanasiasa wa upande wa Ruto akikanusha. Mwanahabari anafunga kwa kusema mvutano unaendelea, anataja jina lake na mahali alipo. Dakika ziligawanywa sawasawa. Kila upande ulisikika. Na mtazamaji akalala akiamini kwamba 142,000 ni suala la maoni, wewe unaona hivi na mimi naona vile, ilhali lilikuwa suala la kugawanya kwa mia.

Hapo ndipo tunapokosana. Nasikia baadhi yenu, hasa mnapotetea kazi yenu mbele ya umma, mkisema chombo chenu hakina upendeleo kwa sababu pande zote hupewa nafasi. Kuwapa watu nafasi ni adabu njema, na kanuni zenu zinaidai, nami sitaki iachwe. Lakini kila mwamba ngoma huvutia kwake. Ukiwaweka waamba ngoma wawili mezani na kuwagawia dakika sawa, umepata mivuto miwili, na anayejua ngozi ina urefu gani bado hajasema neno. Huyo ndiye tunayemlipia gazeti.

Wala jambo hili halikuanza 2022. Machi 2013 skrini zenu zote zilivuta namba kutoka mtambo mmoja wa tume. Kura zilizokataliwa zikapanda zikapita 300,000, na kwa siku kadhaa studio zikajaa mawakili wakibishana kama kura hizo zihesabiwe kwenye kukokotoa ile asilimia 50 ambayo mshindi lazima aipite au la. Ubishi ulikuwa wa haki, pande mbili zilikuwepo, hoja za sheria zilitolewa kwa ufasaha. Baadaye tume ikaeleza kwamba programu yake ilikuwa na kasoro, ilizidisha kura zilizokataliwa mara nane. Hesabu ya mwisho ikawa 108,975. Fomu za vituo vichache zilizobandikwa milangoni zingetosha kumshtua mtu mapema, kwa sababu ukizidisha mara nane kura zilizokataliwa za kituo kimoja unapata kitu kisichofanana na karatasi iliyo mbele yako.

Agosti 2017 namba zikamiminika tena kutoka kwa tume usiku kucha, mkatuonyesha kama matokeo. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu tukasikia upande wa tume ukisema kwamba zile zilikuwa takwimu tu, hazikuwa na nguvu ya matokeo. Tarehe 1 Septemba uchaguzi ukafutwa. Sijasahau jinsi nilivyojisikia nikiwa mtazamaji. Nilikuwa nimekesha nikitazama namba ambazo mwenyewe aliyezitoa hakutaka kuzishikilia, na chombo nilichokiamini kilikuwa kimezipamba kwa rangi na muziki bila kuniambia kwamba fomu za kuzithibitisha hazijaonekana.

Na 2007 sitaiandika kwa urefu. Tume ya Jaji Kriegler ilihitimisha mwaka uliofuata kwamba kura iliharibiwa kiasi cha kutoweza kujulikana nani alishinda. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi. Tarehe 3 Januari 2008 magazeti yenu yalitoka na kichwa kimoja cha habari, ombi la kuiokoa nchi, na mnalikumbuka kwa fahari. Ni sawa. Ila baada ya hapo kikajengeka kitu ndani ya vyumba vya habari ambacho naamini kimetudhuru: hofu kwamba kusema lililo wazi kutachoma nchi, kwa hiyo salama ni kunukuu wote na kunyamaza. Mimi nadhani ni kinyume. Watu hugombana zaidi pale ambapo hakuna namba ya pamoja ya kusimamia.

Mtindo huu wa amesema na amekanusha hauishii kwenye kura. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 wakaingia Bunge. Watu wakapigwa risasi. Kwa majuma kadhaa habari zilikuja hivi: polisi wamesema hivi, mashirika ya haki yamedai vile. Mtu amekufa au hakufa? Mochari ina daftari. Familia ina mwili. Hospitali ina rekodi ya jeraha liliingilia wapi na likatokea wapi. Wapo wapiga picha wenu waliohatarisha maisha yao siku hizo, na Julai mwaka huo mwanahabari mmoja alipigwa risasi za mpira mguuni kule Nakuru akiwa kazini. Picha tulikuwa nazo. Aprili 2025 BBC ikatoa uchunguzi uliopitia picha na video zaidi ya 5,000 kutoka siku ile ya Bunge, ikazipanga kwa sekunde, ikalinganisha pembe za kamera hadi ikaeleza nani alifyatua, akiwa amesimama wapi. Mtu anaweza kuubishia uchunguzi ule, na wapo waliobisha, lakini anabisha akiwa na hatua zake mbele ya macho. Niliutazama nikiwa na uchungu. Nyingi ya picha hizo zilipigwa na Wakenya, kule Nairobi. Mbona haikuwa kazi yetu ya kwanza?

Nina neno jingine, nalo linawahusu zaidi wale mnaosimamia taarifa za Kiswahili. Taarifa ya saa moja jioni ndiyo inayotazamwa na nyumba nyingi. Mama yangu hajui taarifa ya saa tatu. Lakini kwa nilivyofuatilia mwaka 2022, mtu akitaka kuelezwa namna fomu zinavyojumlishwa, au akitaka kuona ile hesabu ya 0.01 ikifanywa hatua kwa hatua, ilimbidi angoje saa tatu na ajue Kiingereza. Saa moja tulipewa vijembe vya wanasiasa, methali na majibizano. Watangazaji wetu wa Kiswahili wana ufundi wa lugha ambao nchi nyingine zingeutamani, na nawapenda. Basi ufundi huo upewe kazi nzito. Hisabati inasemeka kwa Kiswahili, mimi nimeisema kwa Kiswahili hapa juu kwa aya mbili. Na yale ninayoyasema yanazihusu redio za lugha za mama pia, ambazo baada ya 2007 zilinyooshewa kidole kuliko wengine. Mtu wa Kaptembwo au wa Bondo akisikiliza kwa lugha yake apate hesabu ile ile anayoipata mtu wa Kilimani.

Najua mnafanya kazi mkiwa mmebanwa. Tarehe 30 Januari 2018 Serikali ilizima NTV, KTN na Citizen kwa kurusha kiapo cha Odinga cha kujiapisha kuwa rais wa wananchi pale Uhuru Park, na hata baada ya Mahakama Kuu kuagiza ziwashwe, hazikurudi siku hiyo. Machi 2024 ikaagizwa matangazo ya Serikali ya redio na runinga yaende KBC, shirika la utangazaji la Serikali, peke yake, na mnajua wenyewe pengo lililoachwa kwenye mishahara. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru maandamano yasirushwe moja kwa moja, mitambo ikazimwa, hadi mahakama ikaingilia kati. Najua pia kwamba baadhi ya vyombo vinahusishwa na familia za waliokuwa marais, na kwamba wapo wamiliki waliotangaza wazi mgombea wao. Mhariri anayefungua simu na kumsikia mwenye kampuni upande wa pili hana raha.

Lakini fikirini jambo hili kwa upande wa faida yenu wenyewe. Mwenye kampuni akikupigia kutaka namba ibadilike, ukiwa umeziweka fomu zako zote hadharani, jedwali zima liko wazi na mtu wa Garissa anaweza kulikagua, utamwambia nini ila kwamba haiwezekani? Njia iliyo wazi inamlinda mhariri kuliko ujasiri wake. Na waziri akija na amri, mwananchi aliyekuwa anawatazama atajua kilichozimwa ni nini, ataamka kuwatetea. Ile 2018 tuliwatetea. Baada ya skrini za 2022 kuganda bila maelezo, nawaambia ukweli, pale Kongowea sikusikia mtu akiwatetea.

Basi ombi langu. Kaeni pamoja kabla ya 2027, vyombo vyote vinavyotaka, mfanye ujumlishaji mmoja wa pamoja. Kushindana shindaneni kwa uchambuzi, kwa sauti, kwa wageni, lakini fomu moja haiwezi kuwa na majibu mawili. Kila fomu iingizwe na watu wawili wasioonana, na wakitofautiana aitazame wa tatu. Fomu yenye utata, kama ile yetu yenye 8 juu ya 3, iwekwe kando na ionekane iko kando. Jedwali lote liwekwe mahali ambapo mtu yeyote atalipakua, likiwa na namba ya kituo kwa kila mstari. Chini ya kila namba kwenye skrini paandikwe fomu ngapi zimeingia na kutoka kaunti zipi. Mkikosea, sahihisho litoke saa ile ile na ukubwa ule ule wa kosa, sio siku ya tatu kwenye ukurasa wa ndani. Katiba yenyewe, kifungu cha 35, inampa kila mtu haki ya kutaka taarifa isiyo ya kweli inayomhusu isahihishwe. Na mkilazimika kusimama, semeni mmesimama, semeni kwa nini.

Kwenye mpangilio wa fomu nataka kukaza kidogo, mnivumilie, hii ndiyo fani yangu. Mkianza na fomu zinazofika mwanzo, mtapata picha ya mahali penye mtandao mzuri. Mkianza na kaunti za nyumbani kwa mgombea mmoja, mtapata picha yake. Chagueni kwa bahati nasibu kutoka orodha nzima ya vituo, na fomu 1,000 zilizochaguliwa hivyo zitawaambia mengi kuliko fomu 20,000 zilizookotwa ovyo. Hii si nadharia tu. Kundi la waangalizi la ELOG lilifanya hivyo 2022 kwa sampuli ya vituo vya kupigia kura, kwa hesabu sambamba, na makadirio yake yakalingana na yaliyotangazwa Bomas. Walieleza sampuli yao na ukingo wa kosa. Taarifa yao ilistahili saa nzima kwenye runinga. Nakumbuka ikipita kwa haraka, kati ya helikopta ya mwanasiasa na tangazo la mafuta ya kupikia.

Kisheria hakuna wa kuwazuia kujumlisha. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Maina Kiai ya Juni 2017, ilisema matokeo yaliyotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho kwa kituo hicho. Karatasi iliyo mlangoni ni ya umma. Na Mahakama ya Juu iliposikiliza kesi ya 2022 na fomu halisi zikakaguliwa, haikukuta tofauti ya maana kati ya fomu za karatasi na picha zilizokuwa kwenye tovuti. Maana yake ni kwamba mlikuwa mmeshika kitu cha kweli mikononi tangu siku ya kwanza. Mngeendelea mpaka fomu ya mwisho, tarehe 15 nchi ingekuwa tayari inajua jibu na njia yake, na yule aliyeshindwa na yule aliyeshinda wangepokea tangazo la Bomas kama mtu anayesomewa barua aliyokwisha kuisoma.

Sijui kama tume mpya itaweka fomu zote hadharani mara hii. Hilo nalo lisukumeni nyinyi kuanzia sasa, kwa sauti moja, kabla kanuni hazijaandikwa.

Shule hufungwa wakati wa uchaguzi kwa sababu ndizo vituo. Nitakuwa nyumbani, na ninao wanafunzi wa zamani walio vyuoni Mombasa na Kilifi wanaojua kuingiza namba kwenye jedwali bila kukosea na kukesha bila kulalamika. Mkikubali kufanya ujumlishaji wa pamoja, mtakuwa mnahitaji watu wa kuingiza fomu mara ya pili. Tuiteni, tutakuja kwa nauli yetu. Na jibu lenu kwa barua hii, liwe ndiyo au hapana, nawaomba mlisome kwenye taarifa ya saa moja.

Wenu,
Mwalimu wa hisabati, Mombasa